Uzi: Kupanga mitambo kwenye gridi iliyojaa sola na upepo, na kwa nini uhakika wa umeme una gharama yake

#1 Zamu_ya_Usiku (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nyuzi nyingi za umeme jua nilizosoma zinagota palepale: jua halimtozi mtu, upepo haumtozi mtu, kwa hiyo kila megawati inayotoka huko ni faida tupu. Mimi kazi yangu ni dawati la kupanga mitambo katika kituo cha udhibiti wa gridi. Sola naipenda na nataka iongezeke, na ndiyo maana nafungua uzi huu. Nikiwa pale dawatini nimejifunza jambo moja: uhakika wa umeme unapangwa saa kwa saa, sambamba na umeme wenyewe, na kila saa una gharama. Ukiuacha nje ya hesabu, gharama hiyo inakuja kulipwa siku moja na watu waliokaa gizani.

Msingi kwanza. Gridi haina ghala. Kinachozalishwa sekunde hii ndicho kinachotumika sekunde hii. Kipimo cha usawa huo ni frikwensi (mara ngapi wimbi la umeme linajirudia kwa sekunde), 50 Hz sehemu kubwa ya dunia, 60 Hz Marekani na nchi nyingine kadhaa. Mzigo (umeme unaotumiwa na wateja) ukizidi uzalishaji, mashine zote zinazozunguka zinapungua kasi kwa pamoja na frikwensi inashuka. Uzalishaji ukizidi, inapanda. Kwenye skrini yangu ni mstari mwembamba unaotetemeka jirani na 50.00. Ukikaa nao miaka, unaujua kama dereva anavyoijua sauti ya injini yake.

Kanuni ya zamani ya kupanga mitambo ni nyepesi kuieleza. Mitambo yote ambayo haijagonga ukomo iwe na gharama sawa ya kuongeza megawati moja. Kama mmoja unaiongeza kwa 30 na mwingine kwa 40, punguza kwa yule wa 40, ongeza kwa yule wa 30, mpaka walingane. Mwaka 1962 Mfaransa Jacques Carpentier aliingiza ndani ya hesabu hiyohiyo mipaka ya nyaya na volteji, na mpaka leo programu za vituo vya udhibiti zimesimama juu ya wazo lile.

Sasa tuone sola ya mapaani inafanya nini kwenye hesabu hii. Namba zifuatazo nimezitunga ili kila mtu aweze kuzikagua kwa kalamu.

Aina A: mitambo mitatu, kila mmoja MW 200, hauwezi kushuka chini ya MW 100, megawati-saa moja inagharimu vizio 20 vya fedha.
Aina B: miwili, kila mmoja MW 200, kima cha chini MW 75, gharama vizio 35, na ukishauzima hauwashiki tena kabla ya saa 8 kupita.
Aina C: miwili ya dharura, kila mmoja MW 100, kima cha chini MW 20, inawaka ndani ya dakika 10, gharama vizio 90.
Sola ya mapaani: MW 500 jua likiwa kali.

Saa 6 mchana watu wanatumia MW 900. Sola inabeba 500, mitambo inabakiwa na 400. Lakini A zote zikishushwa hadi chini kabisa zinatoa 300, na B zote 150. Jumla 450, yaani tumezidi MW 50. Anayetazama gharama peke yake atasema zima B moja, weka A kwenye 325 na B iliyobaki kwenye 75. Hesabu yake ni sahihi, ameokoa vizio 2,125 kila saa.

Subiri saa 1 usiku. Jua limezama, mzigo ni MW 950, na ile B uliyoizima mchana bado haiwashiki. Una A 600, B 200, C 200: jumla 1,000. Umeme unatosha, taa zinawaka, na akiba yako nzima ni MW 50. Mtambo mmoja wa A ukianguka wakati huo, huna budi kukata mzigo wa MW 150. Uamuzi uliokuwa wa busara mchana ndio uliokufunga mikono usiku.

Njia nyingine: mchana acha B zote mbili ziwake, na ubane MW 50 za sola. Ndiyo, kuutupa umeme wa bure. Najua inauma. Usiku unakuwa na A 600 na B 350. Bado haitoshi, kwa sababu akiba inayozunguka (nafasi iliyobaki kwenye mitambo ambayo tayari inawaka) ni MW 50 na C zinahitaji dakika 10 kuwaka, wakati frikwensi haikupi hata dakika moja. Kwa hiyo unawasha C zote mbili mapema kwa kima cha chini, MW 40, na kushusha B hadi 310. Sasa A moja ikianguka, mitambo iliyobaki inaweza kufika 1,000 na mzigo ni 950. Umepona. Gharama yake ni kuhamisha MW 40 kutoka vizio 35 kwenda 90, yaani vizio 2,200 kwa saa. Vizio hivyo havikununua umeme hata kidogo. Vimenunua uhakika.

Na hii ni gridi ambayo sola yake naiona. Kwenye gridi halisi paa lenye kilowati 5 halipo kwenye skrini yangu. Ninachoona ni mzigo umepungua mchana, kisha umepanda kwa kishindo jioni. Wataalamu wa California waliuchora mchoro huo mwaka 2013 na kuupa jina la bata, kwa sababu tumbo linashuka mchana na shingo inasimama jioni.

Karibuni tujadili.

---

#2 Hesabu_Kwanza

Mkuu, heshima kwa mchanganuo, lakini sikubaliani na picha uliyochora. Umejenga mfano ambao betri haimo. Weka betri ya MW 150 pale na kila ulichokiandika kinayeyuka: mchana inameza zile MW 50 za ziada, jioni inazirudisha, C zinabaki zimezimwa. Mnatuuzia hofu ya mitambo ya zamani.

Pili, hiyo kanuni ya kushikilia akiba sawa na mtambo mkubwa kuliko yote, saa zote, ni ya enzi ambazo kilichoweza kuharibika kilikuwa mtambo. Leo kinachobadilika zaidi ni wingu. Siku ya anga safi akiba yenu ni kubwa mno, na siku ya mawingu ya vipande ni ndogo mno. Mnalipa pale pasipo na hatari na mnabana pale penye hatari.

---

#3 Zamu_ya_Usiku

Mkuu Hesabu_Kwanza, hoja yako ya pili naikubali na nitairudia. Ya kwanza tuipige hesabu.

Kwenye mfano wangu, A moja ikianguka usiku pengo ni MW 200. B zina nafasi ya 50. Zinabaki 150 kwa dakika 10 mpaka C zishike. Hiyo ni 150 mara moja ya sita ya saa, MWh 25 tu. Betri ndogo ya MWh 25 yenye uwezo wa kutoa MW 150 kwa mpigo inafuta zile vizio 2,200 za kila saa. Hapo uko sahihi kabisa, na ningeinunua leo.

Lakini umeipa betri hiyohiyo kazi mbili. Ukiitumia jioni kurudisha umeme wa mchana, saa 2 usiku itakuwa imeisha, na A ikianguka dakika hiyo betri haipo. Mwenye betri analipwa kwa kuuza umeme, hivyo ataimaliza saa ya bei kubwa, ambayo ndiyo saa gridi imekazika kuliko zote. Kwa hiyo hesabu ya kupanga lazima iseme waziwazi: MWh 25 za chini haziguswi, zilizo juu yake uza utakavyo. Na mwenye betri alipwe kwa zile ambazo haziguswi. Kupanga umeme na akiba ndani ya hesabu moja kunamaanisha hivyo. Ukizipanga kwenye hesabu mbili tofauti, betri moja itahesabiwa mara mbili na hakuna atakayegundua mpaka siku ya tatizo.

Mfano mzuri wa betri kufanya kazi zote mbili ni ile ya Hornsdale, Australia Kusini, iliyoanza Desemba 2017 ikiwa na MW 100 na MWh 129. Tangu mwanzo sehemu ya uwezo wake ilitengwa kwa ajili ya usalama wa gridi, na sehemu iliyobaki ikaachiwa soko.

---

#4 Fundi_wa_Fida

Naomba niongee kwa niaba ya walio chini ya transfoma, maana ninyi mnaongea megawati na mimi nahangaika na volti.

Kuna fida (laini ya kusambaza umeme mtaani) moja niliitwa kwa malalamiko ya ajabu: mteja wa mwisho wa laini anasema sola yake inazima kila siku saa 5 na kurudi jioni, na siku ya mawingu haizimi kabisa. Amebadilisha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi), bado. Nikakaa pale na mita saa nzima. Volteji 246. 249. 252. Ikagusa 253, inveta ikatoka kwa mlio mdogo wa rilei, ile swichi ya ulinzi. Volteji ikashuka hadi 245. Dakika chache inveta ikahesabu, ikarudi, volteji ikapanda tena, 253, tak. Nilihesabu mara saba kabla ya saa kuisha.

Hesabu yake si ngumu. Paa linasukuma kilowati 5, karibu ampia 22. Waya kutoka transfoma mpaka pale, kwenda na kurudi, una omu 0.4. Ni karibu volti 9 za kupanda, kutoka nyumba moja. Majirani wote wana sola na wote wanasukuma saa ileile. Na transfoma ilikuwa imewekwa juu tangu zamani, wakati shida ilikuwa volteji kushuka jioni, hakuna aliyefikiria ingepanda mchana.

Nikashusha tepu ya transfoma (swichi inayopandisha au kushusha volteji inayotoka) hatua moja na nikaweka inveta zinywe umeme tendaji (reactive power, ule usiofanya kazi lakini unaoisogeza volteji) kidogo volteji inapozidi 245. Kuzima kukakoma. Kwenye laini nyembamba za chini, ukinzani ni mkubwa kuliko mwitiko wa sumaku, kwa hiyo dawa hiyo ya pili inasaidia kidogo tu. Tepu ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Ninachotaka kukuuliza, mkuu Zamu: ninyi juu mlikuwa mmepanga mchana ule mkitegemea sola ya fida yangu, na robo yake ilikuwa inaingia na kutoka. Mlijua?

---

#5 Zamu_ya_Usiku

Hatukujua. Na swali lako ndilo kiini cha uzi huu kuliko nilivyolieleza mwenyewe.

Tuseme kilichotokea Uingereza tarehe 9 Agosti 2019, kwa sababu kimechunguzwa hatua kwa hatua na namba zake ziko wazi. Saa 10:52 jioni radi inapiga laini ya kV 400 kati ya Eaton Socon na Wymondley. Ulinzi wa laini unafanya kazi yake, laini inarudi ndani ya sekunde kama 20. Radi za namna hiyo ni kawaida. Lakini karibu papo hapo shamba la upepo la baharini la Hornsea One linashuka kutoka MW 799 hadi 62, kwa sababu mfumo wake wa kudhibiti volteji uliyumba. Kituo cha gesi cha Little Barford kinapoteza tabaini (turbine) ya mvuke, MW 244. Na mapaa na mitambo midogo iliyo chini kwenye mitandao ya usambazaji, ile isiyoonekana, inatoka kama MW 150 kwa sababu rilei zake zilihisi mruko wa ghafla wa wimbi la umeme uliosababishwa na radi na kudhani zimetengwa na gridi.

Kisha frikwensi inaanza kushuka kwa kasi, na kasi yenyewe inatoa wengine MW 350. Rilei hizo ziliwekwa zikatike frikwensi ikishuka zaidi ya 0.125 Hz kwa sekunde. Zingatia hapo: mitambo midogo inakimbia kwa sababu gridi ina shida, na kukimbia kwake kunaongeza shida.

Akiba ya haraka iliyokuwa imeshikiliwa ilikuwa MW 1,000. Iliweza kusimamisha frikwensi kwenye 49.1. Ikaanza kupanda. Halafu Little Barford wakapoteza tabaini ya gesi, MW 210, ikashuka tena hadi 48.8, na hapo ulinzi wa mwisho ukakata wateja kama milioni 1.1 ili kuokoa wengine wote. Tabaini ya mwisho ya Little Barford, MW 187, nayo ikatoka muda mfupi baadaye. Umeme ulirudi ndani ya dakika 45 hivi, ila treni za aina moja zilizojizima zenyewe kwa frikwensi kuwa chini ya 49 zilikwama masaa, nyingine zikisubiri fundi aje na kompyuta.

Turudi kwenye ile 0.125, kwa sababu ni namba nzuri ya kujifunzia. Kasi ya kushuka kwa frikwensi ni megawati zilizopotea, mara 50, gawanya kwa mara mbili ya nishati iliyomo kwenye mashine zinazozunguka. Gridi yenye GW-sekunde 200 za mzunguko ikipoteza GW 1: moja mara 50, gawanya 400, unapata 0.125 kamili. Yaani mitambo mizito ikipungua mpaka 200, kupoteza GW moja tu kunagusa rilei zote hizo. Inveta za kawaida haziongezi inesha yoyote (uzito wa mzunguko unaozuia frikwensi kubadilika haraka), hivyo kadiri jua na upepo vinavyochukua nafasi ya mashine nzito ndivyo kikomo hicho kinavyosogea karibu. Uingereza waliendesha mradi wa kubadilisha rilei hizo mpaka 1 Hz kwa sekunde, zikisubiri nusu sekunde kabla ya kukata. Kazi yenyewe ni fundi kwenda kwenye mtambo mmoja mmoja na kubadilisha namba. Ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanyiwa gridi yao, na hakuna aliyepigwa picha akizindua.

Kwa hiyo Fundi, unapobadilisha namba kwenye inveta unabadilisha kiasi cha akiba ninachotakiwa kushika usiku. Mimi na wewe tunafanya kazi moja na hatujawahi kukaa meza moja.

---

#6 Mwanafunzi_wa_Nguvu

Wakubwa zangu shikamooni. Naomba kuuliza. Darasani tumefundishwa kwamba vyanzo vingi vidogo vinafidiana: wingu likifunika hapa, kule kunawaka. Sasa kwa nini mtawanyiko usiwe ndiyo dawa yenyewe?

---

#7 Hesabu_Kwanza

Marahaba kijana. Hili nalijibu mimi maana ndilo eneo langu.

Chukua vituo 100, kila kimoja utabiri wake unakosea kwa asilimia 10. Kama makosa hayana uhusiano wowote, kosa la jumla linagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 100, unabaki na asilimia 1. Hicho ndicho walichokufundisha na ni kweli. Sasa tuseme kuna uhusiano wa 0.3 kati ya kila viwili (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni kukosea sawasawa). Kosa la jumla linakuwa asilimia 5.5. Ongeza vituo viwe 1,000 au 10,000: bado 5.5. Uhusiano ukishakuwepo, wingi hausaidii tena. Umbali ndio unaosaidia, na kuchanganya aina: upepo, jua, maji.

Na kuna kitu ambacho hakifidiwi kabisa: jua linazama kwa wote. Ndiyo maana thamani ya sola kwenye uhakika inapungua kadiri unavyoiongeza. Megawati za mwanzo zinapunguza kilele cha mchana, na zinahesabika vizuri. Zikizidi, kilele kinahamia usiku, na megawati inayofuata haisaidii kilele hicho chochote. Wanaopanga uwezo wa muda mrefu wanalipima kwa kuuliza: ukiongeza sola hii, unaweza kuondoa megawati ngapi za mtambo wa uhakika na kiwango cha hatari kikabaki kilekile? Kiwango hicho Amerika Kaskazini wamezoea kukisema siku 1 katika miaka 10, Uingereza masaa 3 kwa mwaka.

Sasa nirudi kwa mtoa mada kuhusu akiba. Ninachopendekeza ni hivi: usipange kwa utabiri mmoja halafu ukaongeza akiba ya mkupuo. Chukua njia nyingi zinazowezekana za kesho, tuseme 50, kila moja na uzito wake: kesho ya anga safi, kesho ya wingu la saa 8, kesho ya upepo kufa jioni. Kisha tafuta ratiba moja ya kuwasha na kuzima mitambo ambayo wastani wa gharama yake kwenye njia zote ni mdogo, ukihesabu umeme unaokosekana kuwa ghali sana. Akiba itajitokeza yenyewe ndani ya jibu, kubwa siku inayostahili, ndogo siku isiyostahili.

---

#8 Zamu_ya_Usiku

Mkuu, nakubali, na ninaona aibu kwamba kwenye mfano wangu nilitumia kanuni ileile uliyoilalamikia. Siku ya anga safi, MW 40 za C usiku bado zinatakiwa kwa ajili ya A kuanguka, hilo halitegemei wingu. Lakini mchana wa mawingu ya vipande ningetakiwa kuongeza, na kanuni yangu haikusema hivyo.

Nina angalizo moja kutoka dawatini. Njia zako 50 zinatoka kwenye data ya siku zilizopita. Hakuna hata moja ndani yake itakayosema "MW 350 zitatoka kwa pamoja kwa sababu ya namba iliyoandikwa ndani ya rilei." Hiyo si bahati nasibu ya hali ya hewa. Ni kitu kilichopangwa na binadamu, kikasahaulika, na kinatokea kwa wote sekunde ileile.

Australia Kusini, 28 Septemba 2016: dhoruba inaangusha minara ya laini kubwa, volteji inazama mara sita ndani ya dakika mbili. Mashamba tisa ya upepo yalikuwa na namba ndani ya programu zao: volteji ikizama zaidi ya mara kadhaa ndani ya muda fulani, punguza au jitoe. Mwendesha gridi hakuwa na habari na namba hiyo. MW 456 zikaondoka, laini ya kuunganisha na jimbo jirani ikazidiwa na kukatika, wateja 850,000 wakabaki gizani. Mitambo ile ilikuwa na uwezo wa kuvumilia. Namba ilipobadilishwa, ilivumilia.

California, 16 Agosti mwaka huohuo: moto wa nyika unasababisha hitilafu kwenye laini za kV 500, karibu MW 1,200 za sola zinatoka. Sehemu kubwa, kama MW 700, inveta zake zilisoma kwamba frikwensi imeanguka, wakati frikwensi halisi haikwenda chini ya 59.87. Hitilafu ilipotosha wimbi kwa muda mfupi mno, na inveta zilikuwa zinapima haraka mno. Kwa mitambo midogo nako, kanuni ya zamani iliamuru mtambo ujitoe upesi kukiwa na shida. Kiwango kipya cha IEEE 1547 cha mwaka 2018, kanuni ya Marekani ya kuunganisha mitambo midogo, kimegeuza agizo hilo: vumilia kwanza.

Ujerumani walikuwa na la kwao. Sola nyingi za mapaani ziliwekwa zijitoe zote frikwensi ikigusa 50.2. Akiba ya kwanza ya bara zima la Ulaya ilipangwa kwa kupoteza MW 3,000, na sola yenye namba ile ilikuwa imepita kiwango hicho kwa mbali. Mwaka 2012 wakatoa amri ya kuzirekebisha.

---

#9 Mwanafunzi_wa_Nguvu

Na ile hitilafu iliyozima umeme Hispania na Ureno? Watu walisema ni inesha ndogo.

---

#10 Zamu_ya_Usiku

Ile ya tarehe 28 Aprili 2025 ilianza kwa volteji kupanda. Uchunguzi wa Ulaya umeieleza kama mfululizo wa volteji kuzidi: mtambo unajitoa kwa volteji kubwa, kujitoa kwake kunaipandisha zaidi, unaofuata unajitoa. Sehemu kubwa ya jua na upepo ilikuwa inaendeshwa kwa uwiano wa umeme tendaji usiobadilika, na kanuni za wakati huo hazikuwataka wadhibiti volteji sekunde kwa sekunde. Kwa hiyo kazi hiyo ilibaki kwa mitambo mikubwa michache iliyokuwa imewashwa mchana ule.

Umeona kinavyofanana na fida ya Fundi? Kule ni 253 na nyumba chache, kule kwingine ni kV 400 na nchi mbili. Kwenye hesabu ya kupanga, volteji inatakiwa iwe sharti kama megawati zilivyo, na inveta zinalimudu zikiambiwa. Zikiachwa kwenye namba ya kiwandani, zinakaa kimya.

Na kwa inesha, zipo njia. Australia Kusini walifunga mashine nne zinazozunguka bila kuchoma chochote, zinatoa uzito na volteji tu. Nyingine ni inveta zinazojenga wimbi lao badala ya kufuata la gridi. Zinaitikia kabla hata frikwensi haijapimwa. Lakini inveta hiyo inahitaji nafasi ya kupumulia: betri ambayo haijaisha chaji, mkondo usiofika ukomo. Tumerudi kwenye MWh 25 zisizoguswa.

---

#11 Fundi_wa_Fida

Nilikaa kimya siku kadhaa kwa sababu nilikuwa kazini na jambo hili.

Post namba 5 iliniwasha. Nimerudi kwenye ile fida, nimeomba ruhusa kwa wateja, nimefungua menyu ya kila inveta, moja moja, na kuandika kwenye daftari: volteji ya kukata, frikwensi ya kukata, muda wa kusubiri, umeme tendaji. Inveta 38. Ishirini na saba ziko sawa. Kumi na moja zina namba za zamani: zinakata kwa kushuka kidogo sana kwa frikwensi na hazisubiri hata kidogo. Kati ya hizo, nne ziliwekwa mwaka jana tu. Aliyezifunga alichagua kwenye menyu nchi ya kwanza kwenye orodha.

Zote 11 nimezibadilisha. Kila moja dakika sita hivi, ngazi na kamba vikiwa tayari.

---

#12 Zamu_ya_Usiku

Inveta 11 za kilowati 5 ni kilowati 55. Kwenye hesabu yangu ya usiku hazionekani. Ila ulichokipata ni 11 kati ya 38, asilimia 29. Kama sola yote ya mapaani kwenye mfano wangu, MW 500, ina uwiano huo, mchana kuna MW 145 zinazoweza kutoka kwa pamoja frikwensi ikiyumba, juu ya mtambo wowote ulioanguka. Mtambo wa A ukiwa umejaa, zile MW 200 nilizokuwa nazihesabu kuwa tukio kubwa kuliko yote zinakuwa 345. Akiba ya mchana iliyopangwa kwa MW 200 peke yake haitoshi, na nimelijua hilo kupitia daftari lako.

Fida moja haitoshi kusemea zote, najua. Nitumie kurasa hizo kwa picha, na kama unaweza, aina na mwaka wa kila inveta. Fida ya pili unaingia lini?

---

#13 Fundi_wa_Fida

Alhamisi asubuhi. Ina inveta 61. Kurasa nakutumia usiku huu.

---

#14 Hesabu_Kwanza

Nitumieni na mimi. Nataka kuziweka kama njia ya 51.